Enzi za Rafu, Video ya Kulamawe

Kila wiki lazima kuna mtu ananitumia ile video. Mnaijua. Roy Keane na Vieira wanasukumana, beki fulani anaruka na miguu miwili, muziki wa fujo nyuma yake, halafu maandishi makubwa: "Mpira ulipokuwa wa wanaume." Chini yake vijana wa miaka kumi na tisa wanalia kwamba VAR imeharibu kila kitu na wanataka hizo siku zirudi. Buda, wewe ulizaliwa mwaka ambao Zidane alimpiga Materazzi kichwa cha kifua. Unataka zirudi kutoka wapi?

Mimi nilikuwepo. Si Berlin, tusidanganyane. Nilikuwa Kulamawe, Isiolo, darasa la pili, mstari wa mbele kabisa, nimekalia jiwe.

(Kabla mtu wa upande wa Garba Tulla aanze kunisahihisha: ndiyo, kuna Kulamawe ya barabara ya Modogashe, na kuna hii yetu ya Isiolo mjini. Naongea juu ya hii ya mjini. Na hapana, hatukuwa tunakula mawe. Tulikuwa tunayakalia.)

Mahali penyewe tulipaita tu "video". Mchana zilikuwa sinema za Kichina na za Kihindi, jioni mpira. Nyumba ya mabati, sakafu ya vumbi lililomwagiwa maji kidogo ili litulie, televisheni moja ya mgongo mkubwa imefungiwa ndani ya kisanduku cha vyuma kama mfungwa. Nyuma kulikuwa na mabenchi ya wakubwa, walilipa mbao. Sisi watoto tulilipa kumi, siku nyingine kobole kama mechi ni ya timu ndogo, na tukakaa mbele chini, kila mtu na jiwe lake. Mlangoni alisimama jamaa na nyahunyo. Ukijaribu kuingia sare, ilikuwa inakupata kabla hujaona hata nani anacheza.

Isiolo ina upepo, mtu yeyote aliyepita pale atawaambia. Dishi lilikuwa juu ya mabati, na kila upepo ukivuma picha inakatika vipandevipande. Hapo lazima kijana mmoja apande juu, mwingine asimame mlangoni, na mwingine ndani mbele ya televisheni, wapigiane kelele. "Hapo? Bado! Hapo? Rudisha! HAPO HAPO!" Nimeona mabao mengi ya Drogba kwa njia hiyo: mpira uko katikati ya uwanja, picha inaganda, picha inarudi, Drogba anakimbia kwenye kibendera akishangilia. Kilichotokea katikati ulikuwa unaambiwa na mtu mwenye redio.

Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea, hasa 2009 wakati wa ule mgao wa umeme, mwenye video alikuwa na jenereta. Lakini petroli haikuwa yake. Kofia inapitishwa, kila mtu anaangusha shilingi mbili, tano, na yule ambaye hana anaambiwa aende akavute kamba ya kuwashia. Mechi za Jumamosi za saa kumi na mbili jioni, zile za miezi ya baridi Uingereza, zilikuwa kama zimepangwa na imamu wetu. Kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha, adhana ya Magharibi inaita, mwenye video anapunguza sauti, nusu ya watu wanatoka kuswali. Waliobaki, Wameru, Waturkana, Wasamburu wengine, walikuwa wanalinda nafasi zetu. Kofia juu ya jiwe, jiwe la mtu halikaliwi. Hiyo haikuandikwa popote.

Sasa turudi kwa rafu, maana ndizo mnazozililia.

Kiswahili chetu kilifanya kitu kizuri hapa. Kilichukua neno la Kizungu la kitu kisicho laini, kikaligeuza likawa jina la kosa la uwanjani. Kwa hivyo hatukuwa na haja ya kubishana kama mpira ulikuwa mkali. Ulikuwa rafu, kwa jina na kwa tabia. Na rafu kubwa kuliko zote tuliiona usiku wa Juni 25, 2006, Ureno na Uholanzi, mjini Nuremberg. Kaka yangu mkubwa alinibeba mabegani kwa sababu ilikuwa saa nne usiku na mathee alidhani tumelala. Boulahrouz alimkanyaga Cristiano Ronaldo mapema tu, Ronaldo akatoka kabla ya mapumziko akilia machozi kabisa, na video nzima ikacheka. Hatukuwa na huruma hata kidogo. Baada ya hapo ilikuwa vita. Refa Ivanov wa Urusi alitoa kadi za njano 16 na nyekundu nne. Ureno ilishinda moja bila, bao la Maniche, lakini nani alikumbuka bao?

Kitu ninachokumbuka mimi ni kingine. Mwishoni kamera iliwapata Deco wa Ureno na Giovanni van Bronckhorst wa Uholanzi wameketi pamoja kando ya uwanja. Wote wawili wamepewa nyekundu. Wanaongea polepole, kama wazee wanaongojea gari. Sikuelewa. Hawa si walikuwa wanauana sasa hivi? Kaka akanieleza: hao wote ni wa Barcelona, wiki tano zilizopita wamechukua Ligi ya Mabingwa pamoja pale Paris. Leo nchi zao zinapigana, lakini hao ni majirani.

Niliipeleka hiyo hadithi shuleni Jumatatu na tukaanza kuitana majina. Kila mtu alichagua mchezaji. Mimi niliitwa Scholes, kwa sababu nilikuwa napiga pasi nzuri na nilikuwa sijui kabisa kukwatua mtu bila kumuumiza. Na rafiki yangu aliitwa Gattuso. Alikuwa Mturkana, mdogo wa mwili, kichwa kikubwa, na aliingia kwenye mpira kama mtu anayedai deni. Mpira wenyewe ulikuwa wa majuala yaliyofungwa na kamba ya sisal. (Hiyo ufundi imekufa. Tangu majuala yapigwe marufuku Agosti 2017, mtoto wa Isiolo hawezi kutengeneza mpira kama ule hata akitaka.) Tulicheza bila viatu juu ya changarawe, na Gattuso alikuwa anateleza, nawaambia, anateleza kwenye changarawe kwa paja tupu, achukue mpira, asimame, ajipanguse, aendelee. Mguu wake wa kulia ulikuwa na makovu kama ramani.

Kwao kulikuwa ng'ambo ya laga, kwetu upande huu. Mimi ni Mborana. Hiyo haikuwa habari kwa mtu yeyote. Nyanya yangu, akko, alikuwa anamlalamikia Gattuso kwa Kiborana kwamba anamaliza chai, na Gattuso anamjibu kwa Kiborana kwamba chai yenyewe haina sukari.

Naomba niseme kitu kuhusu zile video zenu. Mnachukua rafu mbili na kicheko kimoja, mnakata, mnaweka muziki. Hamuweki Eduardo. Februari 23, 2008, Birmingham na Arsenal, dakika ya tatu, Martin Taylor akaingia na mguu wa Eduardo ukavunjika. Sisi watoto tulikuwa tumeshaanza kupiga yowe la furaha, lile la "umeonaaa", halafu wakubwa nyuma yetu wakanyamaza wote kwa mpigo mmoja. Jamaa wa mlangoni alizima sauti. Kenya yenyewe ilikuwa imenyamaza miezi hiyo. Kofi Annan alikuwa Nairobi akijaribu kuwapatanisha wakubwa, na siku tano baadaye ndipo Kibaki na Raila walitia saini. Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima. Miaka miwili baadaye, ikawa Ramsey kule Stoke. Mimi ni wa Manchester na bado sikuweza kucheka. Kwa hivyo ukiniambia unataka rafu zirudi, kwanza niambie unataka zimrudie nani.

Na kingine mnachokisahau ni dada zetu. Kwenye video hakukuwa na msichana hata mmoja. Dada yangu alikuwa anajua mpira kunishinda, alikuwa anajua nani yuko benchi na nani ana majeraha, lakini yeye alikuwa anatazama kupitia tundu la msumari kwenye mabati ya nyuma, amesimama, dakika tisini, huku akijifanya ameenda kununua mafuta ya taa. Siku moja alirudi nyumbani na mstari wa kutu kwenye paji la uso kama amechorwa. Leo anatazama kwa simu yake, kitandani, miguu juu, na hakuna anayemuuliza anaenda wapi. Nikimwambia natamani zile siku ananiangalia tu.

Basi, 2010.

Kombe la Dunia likaja Afrika na Kulamawe ikawa mji mwingine. Mwenye video alikopa televisheni ya pili. Julai 2, Ghana na Uruguay. Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali padogo hivyo. Mawe yaliondolewa ili watu wasimame. Mimi na Gattuso tulikuwa tumebanwa ukutani, bega lake ndani ya shingo yangu. Kulikuwa na Wasomali wa madukani, madereva wa malori ya Moyale, askari wawili waliovaa kiraia lakini viatu vinawasema, vijana wa Kisamburu waliokuja sokoni na ng'ombe wakalala mjini makusudi, na mzee mmoja Mmeru wa miraa kutoka Maua aliyekuwa amefunga biashara mapema. Muntari akafunga kutoka mbali sana kabla tu ya mapumziko na mabati yakapigwa hadi nikadhani yanaanguka. Forlán akarudisha. Muda wa nyongeza. Dakika ya mwisho kabisa mpira unaingia golini, unaingia, na Suárez anautoa kwa mikono miwili kama kipa.

Kadi nyekundu. Penalti. Timu ya Afrika haijawahi kuingia nusu fainali, na imebaki mpira mmoja, mtu mmoja. Mtu fulani nyuma akaanza kusoma dua kwa sauti, mwingine akapiga ishara ya msalaba. Asamoah Gyan akapiga. Mtambaa wa panya.

Tulipoteza kwa penalti, nne kwa mbili. Yule mzee wa Maua alilia. Nilikuwa sijawahi kuona mzee analia, na nilikuwa sijui wazee wanalia hivyo, bila kujificha, anafuta pua na mkono wa shati. Dereva mmoja Msomali akamshika bega akamwambia, "Pole, mzee wangu," na akabaki ameshika hapo. Nimekaa na hiyo picha miaka mingi. Morocco ilipofika nusu fainali 2022, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni huyo mzee, sijui kama bado alikuwa hai.

Fainali ilikuwa Jumapili, Julai 11. Kiingilio kikapanda, mbao hata kwa mtoto. Mimi nilikuwa na kumi peke yake. Gattuso alikuwa na thelathini, alikuwa ameuza kuni na mamake wiki nzima. Akatoa mbao yake, akaongeza kumi yangu, hakusema kitu, tukaingia. Nilipomwambia nitamrudishia Jumamosi akakataa. "Wacha. Utanilipia fainali ile nyingine." Miaka minne mbele! Mtoto wa darasa la sita anapanga mambo ya 2014 kama benki.

Mliona ile fainali. De Jong aliinua mguu, njumu zote ndani ya kifua cha Xabi Alonso, na Howard Webb akatoa njano. Kadi za njano 14 usiku mmoja, na Heitinga akatolewa. Gattuso alikuwa na furaha, huo ndio ulikuwa mpira wake. Iniesta alifunga dakika ya 116 na tukarudi nyumbani tukipiga mateke kila kitu njiani.

Asubuhi redio zikasema Kampala. Mabomu mahali pawili, mkahawa wa Kabalagala na uwanja wa raga wa Kyadondo, usiku uleule, mechi ileile. Zaidi ya watu 70. Walikuwa wanafanya tu kile tulichokuwa tunafanya sisi: wamekaa pamoja wanatazama mpira. Mathee alisikiliza habari yote amesimama, akazima redio, akasema hakuna video tena katika nyumba hii. Kila mama Kulamawe alisema hivyo. Wiki kadhaa mwenye video alikuwa anatazama na mkewe. Kisha ligi ya Uingereza ikaanza Agosti, na woga wa akina mama, kama kawaida, ukashindwa na kelele zetu.

Kilichofunga video kweli kilikuja mwaka uliofuata, na hakikutoka mbali. Mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012 Isiolo iliwaka. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia nyingi zikahama. Wazee walikuwa wanataja malisho na mifugo iliyoibwa, wengine wakasema ni ardhi, kwa sababu ya bandari na barabara na mji wa kitalii tulioahidiwa, wengine wakasema ni siasa za uchaguzi wa kwanza wa kaunti. Sitaandika hapa nani alianza. Kila kabila lina orodha yake na kila orodha ina watoto ndani yake.

Ninachojua ni kilichotokea upande wangu wa laga. Watu waliacha kukaa mahali pamoja usiku. Mwenye video akaweka kufuli. Maneno yakabadilika midomoni mwa watu niliowapenda. Mtu aliyekuwa "mtoto wa yule mama wa kuni" akawa "hao". Jioni tukaambiwa tusivuke. Tulikuwa tumezoea kucheza saba kwa saba, na wiki ile tukawa tisa. Asubuhi moja ya Januari nikaambiwa familia ya Gattuso imeondoka usiku kwa kanta, na mabati ya nyumba, na mbuzi waliobaki. Mtu mmoja alisema wameenda upande wa Lodwar, mwingine akasema ni Maralal. Hawakuwa na simu. Mimi pia sikuwa nayo.

Hapo ndipo zile video za "mpira wa wanaume" zinanikera. Rafu niliyoipenda ilikuwa na refa. Hata Ivanov aliyechanganyikiwa alikuwa na filimbi, na baada ya filimbi Deco na Gio walikuwa na mahali pa kukaa. Sisi mahali petu palikuwa pale, vumbi na mawe na nyahunyo mlangoni, na palipofungwa sikuona pengine popote ambapo mimi na Gattuso tungeweza kukaa.

2014 ikaja. Ujerumani, Götze, mnakumbuka. Nilitazama kwa rafiki ya kaka, sebuleni, kochi, televisheni bapa, picha haikatiki. Nilikuwa na mia mbili mfukoni. 2018 nilikuwa Nairobi chuoni. 2022 nilitazama Messi kwa simu, peke yangu, picha imechelewa kiasi kwamba majirani walishangilia mabao kabla sijayaona.

Ile nyumba ya mabati sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Agosti 2025, wakati wa CHAN, nilikuwa nyumbani Harambee Stars ilipowafunga Morocco moja bila pale Kasarani. Vijana wa mtaa walikuwa wamekaa nje kwenye ukuta, kama kumi hivi, kila mmoja na simu yake, mechi ileile. Bao likaingia mara kumi, moja moja, kila mtu kwa wakati wa bando lake. Kijana mmoja hakushangilia kwa sababu beti yake ilikuwa imechomeka. Nikauliza kama kuna Waturkana hapo ukutani. Wakacheka, wakaniambia mimi ni mzee wa kuuliza makabila. Kisha wawili wakainua mikono. Sijawahi kuchekwa nikafurahi hivyo.

Nimemtafuta. Sina jina lake kamili la kuweka hapa na hata ningekuwa nalo nisingeliweka. Lakini kama unamjua mtu wa umri wangu, wa Lodwar, wa Maralal, wa popote, aliyekulia Isiolo, anayeongea Kiborana kwa lafudhi ya Kulamawe, mwenye makovu mengi paja la kulia, muulize kama aliwahi kuitwa Gattuso. Akikubali, mwambie Scholes anamwambia fainali ni Julai 19, 2026, saa nne usiku saa zetu. Aje na mwili tu. Kiingilio ni changu.